Nice na Zizi la Kompyuta

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa darasa, Nice Lesian alikuwa anapiga hodi.

Chumba kilikuwa kitupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga jana yake jioni, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, umefungwa kwenye uzi wa shanga. Lakini alibisha mara mbili, akasubiri kidogo kama mtu anayesikiliza, ndipo akaingiza ufunguo. Watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walishazoea kumtania.

"Mwalimu, wameitikia?"

"Wamesema karibu," anawajibu, anaingia.

Ndani kompyuta zilikuwa zimelala chini ya vipande vya khanga kuukuu. Anavitoa kimoja kimoja, anavikung'uta nje, anavikunja, anaviweka dirishani. Na kila akifunua moja anaitaja kwa jina lake. Narok, ile nyeusi ya karibu na mlango. Naibor, nyeupe, ingawa weupe wake siku hizi ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nanyokie, iliyobandikwa karatasi nyekundu ubavuni. Ile iliyochelewa kuwaka aliiita Mvivu. Ile iliyong'oka kitufe cha E aliiita Kibogoyo. Zilikuwa ngapi zote? Nice hakuwahi kusema. Alizipa majina kwa rangi na kwa tabia, kama ng'ombe, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kujua kitu kama kipo au hakipo.

Kwao Olmotonyi, kwa wazee wa Kiarusha, ng'ombe hahesabiwi. Baba anasimama mlangoni mwa zizi jioni, anawatazama wakiingia, na anajua nani hajarudi. Ukimwuliza ana ng'ombe wangapi atakujibu, "Wapo." Watoto vilevile. Kunyoosha kidole kwenye kitu chenye uhai na kukitaja kwa namba ni kukionyesha kwa kifo ili kichague. Vijana wengi siku hizi hawajali. Nice hakuwa na uhakika kama anaamini au haamini, lakini kompyuta zake hakuzihesabu.

Hakusoma sana. Alifika kidato cha kwanza, akakaa muhula mmoja na siku chache, baba yake akaumia mgongo, mifugo ikakosa mtu, naye akavua sare. Alipofikisha miaka kumi na saba wakampeleka mjini, Kaloleni, kwa mama mmoja aliyeitwa Maulida, mwenye duka dogo la kuchapa barua na kutoa kopi. Alipelekwa kuosha vyombo. Lakini Mama Maulida macho yalikuwa yameanza kumsumbua, hivyo akawa anamwita Nice amsomee barua za wateja huku yeye anachapa. Siku moja akachoka akasema, "Hebu kaa wewe nami nikusomee." Baada ya miezi sita walikuwa wamebadilishana viti kabisa. Nice alijifunza kompyuta kwa barua za watu: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kumkana mume, mahubiri ya Jumapili, ratiba za harusi. Mama Maulida hakuwa mtu wa kusifu. Alisema mara moja tu, "Binti, vidole vyako vina adabu," na Nice akalibeba neno hilo mpaka leo.

Mama yake alipougua akarudi nyumbani. Ndipo mwinjilisti Elieza, ambaye ndiye mkubwa wa kituo cha usharika, alipomwonyesha stoo. Kompyuta zilikuwa zimeletwa na wafadhili zamani, zikawekwa chini ya benchi zilizovunjika na magunia ya mbegu, na panya walishaanza kutafuna nyaya.

"Kama unaweza kuziamsha, ziamshe," mwinjilisti alisema.

Akaziamsha. Mbili hazikuamka, akazitoa viungo akawapa wenzao. Akaanza na vijana, vijana wakaja wakajua kidogo wakaondoka. Waliobaki ni akina mama. Kila Jumatano na Ijumaa mchana, shughuli za asubuhi zikiisha, walikuja na ndoo zao, wakaziacha nje, wakaingia wakiwa bado wananuka moshi na maziwa. Walitaka kujua kujaza fomu za mbolea wenyewe bila kumpa kijana wa mjini kitambulisho chao. Walitaka kuandika barua. Koko Sinyati, bibi wa jirani ambaye meno yake ya mbele yalishaaga, alitaka kitu kimoja tu: kuandika majina ya ng'ombe wote aliowahi kuwa nao tangu anaolewa.

"Nikifa," alisema, "hawa watoto watasahau. Hiyo sanduku haisahau."

Nice aliwafundisha kwa namna yake. Mausi ishike kama yai bichi. Gonga mara mbili, kama unavyobisha kwa jirani unapokwenda kuomba chumvi, siyo kama polisi. Kitufe kirefu cha chini ni kuruka mfereji. Kile cha kuingiza ni mlango wa zizi, ukikigonga mstari unaingia ndani na mwingine unakuja. Akina mama walicheka, wakakosea, wakacheka tena, na mwaka wa pili Koko Sinyati alishaandika ukurasa mzima wa majina na kuuhifadhi kwa jina la Zizi.

Miaka minne ilipita hivyo. Nice alipewa sabuni, alipewa debe la mahindi, Krismasi alipewa kitenge. Mwinjilisti akimtambulisha kwa wageni alikuwa anasema, "Na huyu ni binti yetu, anatusaidia saidia hapa." Neno hilo la saidia saidia lilikuwa linamkwaruza, lakini alikuwa analimeza.

Halafu ikaja barua kutoka nje. Wafadhili walitaka kukarabati kituo na kuajiri mwalimu mmoja wa kudumu. Kwanza watamleta mtu wao wa kujitolea, akae miezi mitatu, afundishe, aone, kisha aandike ripoti na jina la mwalimu. Mwinjilisti aliisoma kanisani baada ya matangazo. Watu wengi waligeuka wakamtazama Nice. Yeye alitazama vidole vyake. Siku hiyo alipika chai akasahau kutia majani, na mdogo wake akasema, "Dada, haya ni maji ya moto."

Jambo hilo tu ndilo alilokuwa analitaka duniani: aandikwe. Iandikwe mahali, kwa herufi, kwamba Nice ni mwalimu.

*

Aliyekuja aliitwa Maren, kutoka Denmark, msichana wa miaka ishirini na minne, mmoja zaidi ya Nice. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Lakini Maren alikula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, siku ya kwanza akaomba nyingine. Alifua nguo zake mwenyewe. Wiki ya kwanza tu alishajifunza kwamba kijana wa Kiarusha humpa mkubwa kichwa ili kiguswe, basi akawa anainama kwa kila mzee anayekutana naye njiani, nywele zake zile za rangi ya mabua zinaanguka mbele, na wazee wanamgusa utosi wakicheka kwa furaha.

"Takwenya!" Koko Sinyati anamsalimu.

"Iko!" Maren anaitikia, na akina mama wote wanapiga vigelegele, kwa neno moja.

Nice alikuwa amempa Koko Sinyati kichwa chake kila asubuhi tangu akiwa mtoto wa kukimbia uchi. Hakuna aliyempigia kigelegele.

Ilianza na vitu vidogo. Maren alipewa ufunguo wa pili. Asubuhi moja Nice alifika, akainua mkono apige hodi, akakuta mlango uko wazi. Ndani khanga zote zimeshatolewa, zimerundikwa kwenye kiti kama nguo za kufua, na Maren yuko kwenye Narok anakunywa kahawa.

"Habari za asubuhi, Nice! Nimefungua. Wewe pumzika!"

Apumzike. Nice alichukua khanga moja moja akazikunja, ingawa hapakuwa na haja. Aliona aibu kuzitaja majina mbele ya mtu, hivyo siku hiyo hazikuitwa.

Kisha likaja la mausi. Maren alikuwa amekaa nyuma siku kadhaa akimtazama Nice anavyofundisha, anaandika kwenye daftari lake. Jumatano alipochukua darasa yeye, aliinua mausi juu akasema kwa Kiswahili chake cha kukanyaga kokoto, "Akina mama, mausi ni kama yai. Bichi!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Irine, mama kijana mwenye mdomo kuliko wote, aliyekuwa mjamzito wa miezi saba, alipiga meza. "Jamani, huyu mzungu anajua kufundisha! Ati yai! Mwalimu Nice, umesikia?"

"Nimesikia," Nice alisema. "Yai hilo nimelitaga mimi."

Walicheka tena, wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Kitu kilikuwa kimemkaa kooni tangu siku ile ya khanga, kama punje ya hindi iliyokwenda njia mbaya, na sasa kiliteremka kifuani kikaanza kuota.

Akawa anayaona yote. Parachichi zuri lilikwenda kwa Maren. Kiti chenye mgongo kilikwenda kwa Maren. Maren akikosea kusema, akaita mbuzi "mbuyu", wanashikana mbavu kwa mapenzi, wanamsahihisha kama mtoto wao. Nice alipoanza kufundisha na kuchanganya maneno walimwambia arudi shule. Watu walimwita Maren volontia. Nice aliwahi kumwuliza Mama Maulida kwenye simu maana yake.

"Ni mtu anayejitolea," Mama Maulida alimwambia. "Anafanya kazi bila kulipwa."

"Sasa mimi ni nani?"

Mama Maulida akasema, "Wewe uko nyumbani kwenu, binti. Mtu wa nyumbani haonekani mpaka asipokuwepo."

Hilo lilimkaa.

Mwezi wake wa tatu pale, Maren alitoka kwenda kuongea na simu akaacha ripoti wazi kwenye skrini. Nice hakutaka kuchungulia. Alichungulia. Iliandikwa kwa lugha ambayo hakuijua vizuri, lakini picha hazina lugha. Picha ya Koko Sinyati anacheka. Picha ya Irine na tumbo lake. Picha ya mausi, na mkono umeishika kama yai, na kipande cha khanga ya bluu. Mkono ulikuwa wa Nice. Mtu mwenyewe alikuwa amekatwa. Na chini kabisa palikuwa na neno moja alilolijua, kwa sababu Maren alikuwa ameliandika kwa Kiswahili: Mwalimu. Mbele yake, nukta mbili, na pengo jeupe.

Alilitazama pengo lile mpaka skrini ikajizima yenyewe.

*

Wiki ya mwisho Maren alikuja na karatasi za kunata. Alikuwa ameprinti namba kubwa nyeusi, nzuri, zimezungushiwa duara. Alitaka kompyuta ziwe na namba, na akina mama wabandikwe namba kifuani siku ya mtihani wa kufunga, ili picha na matokeo yasichanganyike. Mwinjilisti angekuja kushuhudia.

Alimkuta Nice anafuta Kibogoyo kwa kitambaa.

"Nice, nataka kukuuliza. Namba hizi, kwa kompyuta na kwa bibi zetu. Ni sawa? Hakuna shida kwa mila?"

Aliuliza vizuri. Alisimama akasubiri jibu, macho yake yako wazi kama ya ndama. Nice aliziona namba mkononi mwake. Alimwona Koko Sinyati, ambaye wakati wa sensa iliyopita alimsimamisha karani mlangoni tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Karani anauliza, bibi, watoto wangapi? Koko anajibu, wapo. Bibi, andika namba. Mwanangu, andika wapo. Mpaka karani akaenda kuwauliza majirani.

Kazi ya Nice ilikuwa ni kusema neno moja tu. Alilisikia likija, likafika kwenye meno.

"Sawa," alisema.

"Kweli?"

"Sawa tu. Haina shida."

"Asante! Na mimi nina swali lingine, la ripoti. Jioni utabaki kidogo?"

"Jioni naenda kukata majani ya ng'ombe," Nice alisema, na jioni hakubaki, wala kesho yake.

Ile punje ya kifuani ilikuwa wivu. Siku hiyo ulikuwa mti. Nice aliteremka njia ya misonobari akiwa karibu anaimba. Aliuona uso wa Koko Sinyati ukikunjamana. Aliona akina mama wakisimama, wakichukua ndoo zao. Alimwona Maren katikati ya chumba na karatasi zake, hajui alichokosea, na watu wote wakigeuka kumtafuta mtu wa kwao.

*

Ijumaa walikuja wote, wamevaa vizuri. Mwinjilisti Elieza alikaa kwenye kiti chenye mgongo. Nice alisimama karibu na mlango, pembeni ya Narok, ambayo sasa ilikuwa na namba moja usoni.

Maren aliwabandika akina mama namba mmoja mmoja. Walidhani ni pambo, kama ua la harusi, hivyo walinyamaza, wengine hata wakanyoosha shingo. Koko Sinyati aliigusa yake kwa kidole. Alikuwa anajua kusoma namba sasa. Nice ndiye aliyemfundisha.

Kisha Maren, kwa kuwa alitaka mwinjilisti aone jinsi Kiswahili chake kilivyokua, akasimama mbele ya darasa, akanyoosha kidole, akaanza.

"Moja."

Mama wa kwanza akatabasamu.

"Mbili. Tatu."

Tabasamu likaanza kuganda. Mtu akasema kitu kwa Kimaa, chini chini. Nice alisikia moyo wake unapiga hodi kifuani. Angeweza kusema hapo. Angeweza kusema, Maren, ngoja.

"Nne. Tano. Sita."

Mwinjilisti alikuwa anatazama saa yake. Yeye alikuwa mtu wa semina, alishazoea watu kuhesabiwa, hakushtuka.

"Saba. Nane!" Kidole kilimwangukia Koko Sinyati, na Maren akamkonyeza kwa mapenzi. Koko hakufumba jicho. Aliyewazika watoto wake, ambao hata majirani hawakujua ni wangapi, alikaa na namba kifuani akisubiri kidole kipite.

Nice aliendelea kusimama.

"Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili," na hapo Maren alifika kwa Irine, aliyekaa mwisho kwa sababu ya tumbo. Maren akacheka. Akainama, akalielekezea tumbo lile kidole, kwa sauti ya kumchekesha mtoto mchanga. "Na kumi na tatu!"

Hakuna aliyecheka. Irine, ambaye hakuna siku amekosa neno, alifunika tumbo kwa mikono yote miwili. Mwaka juzi alipoteza mimba ya miezi minane. Nice ndiye aliyemchukulia bodaboda siku ile, na akamshika mkono mpaka hospitali.

Hilo Nice hakulipanga. Katika yote aliyoyaona njiani akiteremka, tumbo la Irine hakuliona.

Koko Sinyati alibandua namba yake taratibu, akaibandika juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja kama mtu anayetunza mali ya mwenzake. Wengine wakafuata. Zilisikika zikibanduka, moja baada ya nyingine. Maren aliangalia huku na huku, wekundu ukampanda shingoni.

"Nimekosea? Nimefanya nini?"

"Akina mama," mwinjilisti alisimama, "jamani sisi ni Wakristo. Namba ina nini?"

"Mfalme Daudi alihesabu watu," Koko alimjibu bila kumgeukia. "Kilichofuata unakijua wewe uliyesomea." Mwinjilisti akakaa.

Koko akampungia Maren mkono. "Njoo, mwanangu." Maren akaenda, machozi tayari yako karibu, akainamisha kichwa. Yule bibi akaweka kiganja chake juu ya nywele zile za mabua akakiacha hapo muda mrefu. "Huyu ni mtoto. Ametoka mbali, hajui. Mtoto asiyejua hana kosa. Sisi tutamwita Naserian, mwenye amani, ili hicho alichokihesabu nacho kiwe na amani." Akamgeukia Irine. "Umesikia, Irine? Imekwisha. Tumeifunga."

Irine aliitikia kwa kichwa. Mikono hakuitoa tumboni.

"Lakini nilimwuliza Nice," Maren alisema kwa sauti ndogo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaribu tu kuelewa. "Nilimwuliza kama ni sawa. Alisema sawa."

Vichwa viligeuka vyote mlangoni. Siku zote hizo Nice alitaka vigeuke, na sasa viligeuka.

"Wewe ulijua," Koko alisema. Haikuwa sauti ya hasira. Hasira ingekuwa afadhali. "Yeye anahesabu na wewe umesimama hapo. Nilikuangalia tangu moja. Nikasema, Nice atasema sasa. Nikasema, labda anasubiri anyamaze. Ukatuacha tukahesabiwa mpaka aliyeko tumboni. Kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Alisahau, hakufikiri, aliona ni mambo ya kizamani. Mwinjilisti mwenyewe angemsaidia. Lakini Nice hakuwa hodari wa uongo.

"Nilitaka akosee," alisema. "Nilitaka mumwone akikosea."

Kuku alipita nje akikwaruza bati. Irine akasema, karibu kwa kunong'ona, "Kwa tumbo langu, Nice?"

Mwinjilisti Elieza alikuwa mtu mwema asiyependa kimya. Akasimama tena, akakohoa, akasema yamekwisha, shetani asipewe nafasi, na leo ni siku ya furaha. Akaomba karatasi ya Maren. Maren alisita, akaitoa kwenye jalada. Mwinjilisti akaisoma kwa sauti ya matangazo:

"Mwalimu wa kudumu wa kituo chetu, kwa mapendekezo ya mgeni wetu, ni Nice Lesian, halafu hapa pana nafasi, jina la tatu halijajazwa."

"Nilitaka kumwuliza," Maren alisema. "Jina la babu. Hakubaki jioni."

Basi lilikuwa ndilo hilo. Pengo lile jeupe lilikuwa lake, na sasa lilimsubiri babu yake tu.

"Haya, akina mama," mwinjilisti aliwageukia, uso wake unaomba makofi. "Ni sawa kwenu?"

Makofi hayakuja. Walimtazama Koko Sinyati. Koko alikuwa ameshageukia kibodi yake, anatafuta herufi kwa kidole kimoja.

"Sawa," alisema.

Chumba kizima kiliijua sawa hiyo. Ilikuwa na urefu uleule na uzito uleule wa ile aliyopewa Maren, na hapakuwa na kitu ndani yake.

Nice aliondoka mlangoni akapita katikati ya meza mpaka alipokaa Koko. Akasimama mbele yake, akainamisha kichwa, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake. Akangoja. Aliziona khanga za Koko, aliuona ubavu wa kibodi, aliviona vidole vile vya bibi, vilivyokakamaa kwa jembe, vinapita juu ya vitufe taratibu. Kidole kiligonga herufi. Kikatafuta nyingine. Shingo ilianza kumuuma. Mkono haukuja.

Aliinua kichwa. Akauvua uzi wa shanga shingoni kupitia kichwani, ufunguo ukanasa kwenye nywele, akauchomoa na nywele zake mbili tatu. Aliuweka juu ya Narok. Namba ile ya moja bado ilikuwa imebandikwa, akaibandua, akaikunja ndani ya kiganja.

"Nice," Maren alisema. "Usiende. Mimi siyo mwalimu wao. Mimi Jumanne nasafiri."

"Najua," Nice alisema.

Akatoka. Ndoo za akina mama zilikuwa zimepangwa ukutani, akazipita bila kuzihesabu. Akateremka njia ya misonobari kuelekea barabara ya Ngaramtoni, namba ile tu kiganjani, na mtoto mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi pale ukingoni akamwita kama kawaida yao, "Mwalimu! Wameitikia?"

Hakugeuka. Jumatano, Maren akiwa ameshasafiri na ufunguo wa pili, akina mama walikuja wakakuta mlango umefungwa na ufunguo wa Nice uko ndani, juu ya Narok, unaonekana dirishani. Walikaa nje kwenye ndoo zao mpaka jua likashuka, na Irine ndiye aliyenyanyuka mwishoni, akaenda kwenye mlango ule, akapiga hodi mara mbili.